UZI: Volvo waliuachia mkanda dunia nzima bure, sisi huku Dodoma tunaufunga tukiona trafiki

MzabibuWaHombolo (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Uzi mrefu huu, mwenye haraka aurudie jioni.

Wiki tatu zilizopita nilikua natoka Kibaigwa kuja mjini, saa moja kasoro jioni, gari tupo watu wanne, mimi naendesha, mdogo wangu kushoto, nyuma shemeji na mtoto wake wa miaka minne kampakata. Tumeshapita Mbande, bado hatujafika Chalinze Nyama, ghafla kundi la ng'ombe linavuka, mchungaji katoto kadogo kako upande wa pili wa barabara, nikabana breki gari likaserereka likaingia kwenye mtaro likagonga kingo ya kalavati. Spidi wakati tunagonga sidhani kama ilifika hamsini. Mimi na mdogo wangu tulitoka na michubuko ya mkanda kifuani, basi. Shemeji alikuja mbele akapiga siti yangu kwa magoti na uso akavunjika taya, na mtoto alimponyoka mikononi akapita katikati ya siti mbili akagonga dashibodi. Yuko hai, tunamshukuru Mungu, mkono umevunjika sehemu mbili na kichwani ana nyuzi.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki: mimi na mdogo wangu tulikua tumefunga mkanda kwasababu pale Mbande walikua wamesimama trafiki. Hakuna sababu nyingine. Tungepita pale saa mbili usiku wameshaondoka tusingefunga, na nyuma hakuna hata mmoja aliyewaza kufunga, hata mimi mwenye gari sikuwaambia.

Nikiwa nasubiri wodini nikaanza kusoma kwenye simu huu mkanda ulitoka wapi, nani alikaa akauwaza. Nikakutana na Volvo. Wengi tunawajua kwa malori, yale ma-FH yanayopita hapa kwenda Singida mpaka Rwanda na Kongo, ila stori yao kwenye usalama wa gari ndogo ni kubwa kuliko nilivyokua nafikiria, ngoja niwape.

Kampuni ilianzishwa Gothenburg, Sweden, na watu wawili, Assar Gabrielsson mtu wa biashara na Gustaf Larson injinia. Gari la kwanza lilitoka kiwandani tarehe 14 Aprili 1927, na jina Volvo ni Kilatini, maana yake "nabingirika". Barabara zao enzi hizo zilikua mbovu, baridi kali, barafu, na kuna yule mnyama wao mkubwa anaitwa moose, mwenye miguu mirefu kama ngamia, ukimgonga miguu inakatika mwili wote unakuja juu ya boneti mpaka kwenye kioo. Ukiliangalia hilo unaona kabisa ng'ombe wetu wa Kongwa. Mwaka 1944 wakaonyesha gari linaitwa PV444 likiwa na kioo cha mbele cha tabaka mbili kilichogundishwa katikati, kikivunjika kinabaki kimeshikana badala ya kukurukia usoni vipande vipande.

Ila kubwa lao ni 1959. Mwaka mmoja kabla walimchukua injinia anaitwa Nils Bohlin kutoka SAAB, kule kazi yake ilikua viti vya ndege za kivita, vile vinavyomrusha rubani nje ndege ikipata shida. Huyu mtu alikua anajua mwili wa binadamu unavumilia nini ukivutwa kwa nguvu. Mikanda ilikuwepo tayari kwenye magari, ila mingi ilikua ya pointi mbili, ama ya kiunoni peke yake ama inapita kifuani peke yake. Ya kiunoni inakukunja kichwa kinaenda kupiga stelingi, na kama imekaa tumboni inaumiza utumbo na bandama. Ya kifuani peke yake unateleza chini yake. Rubani ukimwambia ajifunge mikanda minne atajifunga, mtu wa kawaida anayeenda sokoni hatokubali, kwahiyo Bohlin alitafuta kitu ambacho mtu atakifunga kwa mkono mmoja, mara moja, na kikae pale pale hata gari likigonga.

Alichofanya ukikiangalia unaona ni rahisi mno: mkanda mmoja mrefu unapita kifuani, unashuka mpaka kwenye loki pembeni ya nyonga, alafu unarudi kupita kiunoni. Loki iko chini pembeni, sio katikati ya tumbo. Kwahiyo nguvu ya ajali inabebwa na mfupa wa nyonga na mifupa ya kifua, ambayo ndo sehemu ngumu za mwili, tumbo linabaki salama. Umbo lake ni kama herufi V ncha yake ikiwa chini, ndo maana haisogei ukivutwa.

Gari la kwanza lenye mkanda huo lilikabidhiwa kwa wakala wa Volvo Agosti 1959 mji wa Kristianstad, PV544. Hataza ya Marekani, yaani hati ya kumiliki ubunifu, ikatoka 1962. Na hapa ndo ninapotaka tusimame kidogo wakuu: Volvo walikua na haki ya kisheria ya kumdai kila mtengeneza gari duniani alipie kila mkanda. Hawakudai. Waliwaachia washindani wao wautumie bure. Toyota yako, Nissan yako, Benzi, basi unalopanda pale Nanenane kama lina mkanda wa kupita kifuani, huo ni mchoro wa Bohlin, na hakuna aliyelipia hata senti.

Alafu hawakuishia kusema tuaminini. Mwaka 1967 walitoa ripoti ya ajali 28,000 zilizotokea kwao Sweden zikihusisha Volvo. Wasiofunga mkanda walikufa kwenye spidi zote, hata ndogo. Waliofunga, hakuna aliyekufa chini ya maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 96. Sisi tuligonga chini ya hamsini na mtoto nusura afe.

Hesabu moja ya fizikia nimeirudia mara nne nikiwa pale benchi la wodini. Kugonga kitu kigumu ukiwa spidi 50 ni sawa na kuanguka kutoka juu karibu mita 10, weka ghorofa ya tatu. Ukiwa spidi 100 sio mara mbili, ni mara nne, karibu mita 40. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza kushika mtoto hapo. Shemeji anajilaumu kamwachia mwanae, nimemwambia mara nyingi shemeji haikua kosa la mikono yako, ni mimi dereva.

Leteni michango, hasa mafundi na madereva.

fundi_wa_Changombe

Pole sana mkuu, Mungu amponye huyo mtoto haraka. Umegusa kitu kinachoniumiza kila siku hapa gereji.

Naongezea upande wa eabegi, ule mfuko wa hewa. Zile herufi SRS kwenye stelingi maana yake ni mfumo wa NYONGEZA. Nyongeza ya nini? Ya mkanda. Eabegi inafumuka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, haraka kuliko kupepesa jicho, na imepigiwa hesabu kwamba wewe umeshikwa na mkanda kwenye siti. Kama hujafunga unakutana nayo ukiwa umeshaenda mbele, inakupiga usoni wakati bado inafumuka. Na mtoto mdogo kumweka siti ya mbele yenye eabegi, hasa kwenye kiti kinachoangalia nyuma, usifanye kabisa.

Kibaya zaidi, magari yanaletwa hapa taa ya eabegi imezimwa kwa ujanja. Gari limepata ajali huko, eabegi zimeshafumuka, mtu anabandika mfuniko mpya kwenye stelingi ndani hamna kitu, alafu anaunga risista kwenye waya ili kompyuta ya gari idhani eabegi ipo. Taa inazima, mnunuzi anafurahi. Mwezi uliopita nimefungua stelingi ya gari ya mteja nikakuta kitambaa kimekunjwa ndani. Kabla hujanunua gari washa swichi uangalie taa ya SRS, lazima iwake sekunde chache kisha izime, kama haiwaki kabisa mpe fundi aangalie.

Na vile vyuma vya kuchomeka kwenye loki ili gari lisipige kelele, vinauzwa barabarani elfu mbili elfu tatu. Mtu ananunua kitu cha kuidanganya gari lake mwenyewe.

DerevaWaTransit

Pole kaka. Mimi naendesha Volvo FH miaka 9 sasa, Dar mpaka Lubumbashi au Kigali inategemea mzigo. Nirekebishe kidogo kwa heshima, Volvo ya malori na Volvo ya magari madogo sio kampuni moja siku hizi. Gari ndogo ziliuzwa kwa Ford 1999, na 2010 Ford wakawauzia Geely wa China. Malori yamebaki kwa wenyewe Waswidi. Historia ya kabla ya hapo ndo wanashea.

Ila kuna kitu madereva wenzangu wanasema na mimi nilikua naamini, kwamba mkanda unakubana gari likiwaka moto au likitumbukia mtoni, bora urushwe nje. Unasemaje hapo?

MzabibuWaHombolo

@DerevaWaTransit asante kwa kuniweka sawa, hilo la kampuni mbili ni kweli kabisa.

Kuhusu kurushwa nje, kaka fikiria, unarushwa kupitia kioo, unatua kwenye lami au chini ya gari lako mwenyewe linalobingirika. Na ajali za moto na maji ni chache sana ukilinganisha na za kugongana na kupinduka, na hata hizo, anayeweza kufungua mlango akatoka ni yule ambae bado ana fahamu. Aliyepiga kichwa kwenye kioo amezimia, moto unamkuta pale pale. Mkanda ndo unaokubakisha na akili ya kubonyeza loki.

Mnyampaa_halisi

Naomba kutofautiana na mleta uzi bila ubaya. Mkanda wa pointi tatu haukuanza na Volvo. Wamarekani wawili, Griswold na DeHaven, walipata hataza ya mkanda wa kiunoni na begani mwaka 1955. Na hao Volvo sio malaika, 1990 walitengeneza tangazo la lori lenye matairi makubwa linapanda juu ya mstari wa magari, yote yanabondeka isipokua Volvo, kumbe Volvo yenyewe ilikua imeimarishwa kwa ndani na zile nyingine zimekatwa nguzo. Serikali ya jimbo la Texas ikawashtaki wakalipa. Na 2010 waliita waandishi wa habari kuwaonyesha gari linalojifunga breki lenyewe, likaenda kujibamiza kwenye nyuma ya lori mbele ya kamera.

Pia sehemu ya mbele ya gari inayojikunja ili kula nguvu ya ajali, hiyo ni Mercedes, injinia Béla Barényi, aliiombea hataza 1951 na ikaingia kwenye gari 1959, mwaka huo huo wa mkanda. ABS ya kielektroniki, ule mfumo unaozuia tairi lisigande ukibana breki, Mercedes na Bosch 1978. Tusiwape Volvo kila kitu.

MzabibuWaHombolo

@Mnyampaa_halisi hayo yote ni kweli mkuu, na nashukuru umeyaleta maana uzi wa sifa tupu haumsaidii mtu.

Wa Griswold na DeHaven loki yake ilikua inakaa katikati, juu ya tumbo. Hapo ndo Bohlin alipoboresha, kaishusha pembeni ya nyonga. Unaona ni sentimita chache lakini ndo tofauti ya kuumia ini na kutoka mzima. Lile tangazo la 1990 lilikua aibu, na lilikua aibu kubwa kwasababu gari lenyewe halikuhitaji uongo. Na ile ya mbele ya waandishi ndo inanifanya niwaambie watu wasitegemee gari lijifungie breki lenyewe. Ule mfumo walianza kuuweka kwenye XC60 mwaka 2008, wa spidi ndogo za mjini, na umekua sana tangu hapo.

Kuna stori nyingine ya hiyo mifumo, hii inatuhusu sisi wa mifugo. Waliifundisha gari kutambua wanyama wakubwa wa kwao, wale moose wenye miguu mirefu. Walipopeleka Australia ikachanganyikiwa na kangaruu. Mfumo unatumia ardhi kupima mnyama yuko umbali gani, sasa kangaruu akiruka yuko hewani gari linaona yuko mbali, akitua linaona kasogea ghafla. Mpaka 2017 walikua wanakiri hadharani kwamba bado wanahangaika nalo. Sasa fikiria mbuzi wa Bahi anavyokata barabara. Huku kwetu anayetakiwa kumwona mbuzi bado ni wewe dereva na mguu wako.

fundi_wa_Changombe

Hapo kwenye ABS niongeze sentensi moja kwa wanaoenda njia za vumbi za Mpwapwa na kule Chamwino ndani. Kwenye changarawe au mchanga gari lenye ABS linaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko lisilo nayo, kwasababu tairi lililoganda linajikusanyia kichuguu cha mchanga mbele yake na ABS inalizuia lisigande. Faida yake ni kwamba stelingi inabaki inakutii, unaweza kukwepa. Kwahiyo vumbini punguza mwendo mapema, usisubiri.

Na kitu kingine cha Volvo ambacho wengi hawakijui, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi pamoja na masega yanayosafisha moshi wa aina tatu kwa mpigo. Gari la kwanza kuuzwa nayo lilikua Volvo 240 kwa ajili ya California, 1976. Leo karibu kila gari la petroli linayo. Na huku kwetu ndo hayo hayo masega watu wanayang'oa wanauza, alafu wananiuliza mbona gari linakula mafuta na linanuka.

MamaPacha_Ipagala

Pole kaka yangu. Nimesoma huku machozi yananitoka maana mimi nina pacha wa miaka mitatu na kila jumapili tunaenda kanisani nimempakata mmoja, dada kampakata mwingine. Hivi viti vya watoto kweli ni vya lazima au ni vitu vya wazungu? Na mjamzito anafunga vipi huo mkanda, mdogo wangu ana miezi saba anakataa anasema utambana mtoto.

MzabibuWaHombolo

@MamaPacha_Ipagala dada asante kwa kuuliza, nitajibu kwa urefu.

Kiti cha mtoto kinachoangalia nyuma nacho kimetokea Sweden. Profesa mmoja anaitwa Bertil Aldman aliona wanaanga wa Marekani wa chombo cha Gemini wanavyorushwa wakiwa wamelalia mgongo ili nguvu isambae mgongoni, akawaza mtoto nae akae hivyo. Jaribio lilifanyika 1964 ndani ya Volvo PV544. Sababu ni kwamba kichwa cha mtoto mdogo ni kizito sana ukilinganisha na mwili wake na shingo yake bado laini, akiangalia mbele gari likisimama ghafla kichwa kinatupwa na shingo ndo inakishikilia. Akiangalia nyuma, kichwa na shingo na mgongo vyote vinapokelewa na kiti kwa pamoja. Kwahiyo sio cha wazungu, shingo ya mtoto wa Ipagala na ya mtoto wa Gothenburg ni ile ile. Vya mtumba vinapatikana, ila hakikisha mikanda yake haijakatika na hakijapasuka.

Na wakati unatafuta hela ya kiti, usimpakate ukajifunga wewe na yeye mkanda mmoja, hilo ni baya zaidi maana wewe ndo unamponda. Kila mtoto siti yake ya nyuma na mkanda wake. Kwa miaka mitatu ule mkanda bado unampita shingoni, kwahiyo sio suluhisho, ni kuvukia tu mpaka upate kiti.

Mjamzito anafunga, na ni muhimu zaidi kwake. Ule wa kiunoni upite CHINI ya tumbo, juu ya mapaja, ubane mifupa ya nyonga, usipande juu ya tumbo hata kidogo. Wa kifuani upite katikati ya matiti ushuke pembeni ya tumbo. Volvo walitengeneza mfano wa kompyuta wa mama mjamzito kuangalia mkanda na eabegi vinamfanya nini mama na kichanga, kazi iliyofanywa na injinia mwanamke anaitwa Laura Thackray.

Na 2019, miaka 60 baada ya mkanda, waliachia tena tafiti zao za usalama kwa mtu yeyote asome, zimetoka kwenye ajali za zaidi ya magari 40,000 na watu 70,000. Moja ya sababu waliyotoa ni kwamba wanawake wanaumia zaidi shingo kwasababu kwa miaka mingi magari mengi yamepimwa kwa midoli yenye mwili wa mwanaume.

DerevaWaTransit

Nimesoma nikiwa nimepaki hapa Manyoni. Tanboi wangu nimemsomea yote. Tunaondoka saa kumi alfajiri, ameshafunga wa kwake anaujaribu.

MamaPacha_Ipagala

Nimerudi. Baada ya kusoma nilimwambia mume wangu tukatoka nje na tochi tukaangalia siti ya nyuma. Kaka, zile kava za siti tulizoshonesha pale mjini zimefunika loki zote tatu. Gari tunalo mwaka wa nne na hatukujua hata zipo. Tumechana kava kwa wembe, mbili zimetoka zinafanya kazi vizuri, ya katikati ilikua imejaa mbegu za ubuyu na vumbi hailoki. @fundi_wa_Changombe kesho saa ngapi unafungua?

fundi_wa_Changombe

Saa mbili kamili dada. Usiimwagie mafuta wala grisi, njoo nayo hivyo hivyo nitaifungua niisafishe. Ikigoma nitakutafutia nyingine, na hiyo ya kwanza sitokuchaji.